Usishone nguo ikiwa mwilini kwa mteja: saiti ijengwe kwanza kwenye laptopu yako

Habari zenu wadau. Hii nimeiandika kwasababu wiki hii peke yake wamekuja vijana watatu hapa steshenari na swali lilelile, "dada, hivi we unatengenezaje saiti bila bando?", na nikianza kumwelezea mmoja, fotokopi inapiga kelele, nje kuna foleni ya watu wa picha za paspoti, mwingine anataka barua yake ya maombi ya kazi itoke sasa hivi maana anawahi basi, tunaishia njiani. Sasa nimeweka yote hapa, ukija nakutumia linki alafu mi naendelea na mambo yangu.

Kwa asiyenijua, nipo Mtwara mjini, Chikongola, nina kisteshenari changu, nachapa, naleminesha vyeti, nawajazia wanafunzi maombi ya mkopo wa chuo, na pembeni natengeneza na kutunza saiti za watu, nyingi ni za WordPress, ile programu ya kutengenezea saiti. Sikusomea. Nimejifunza kwa kuharibu, na aliyelipia ada kubwa kuliko wote ni mama mmoja mwenye gesti kule Mikindani.

Ilikuwa mwezi wa kumi. Mnaojua huku kwetu mnajua mwezi wa kumi ni nini, minada ya korosho imeanza, wanunuzi wanaingia, madereva wa malori wanaingia, na kila mwenye chumba cha kupangisha anatembea kifua mbele. Mama akanipigia nimbadilishie bei za vyumba na niongeze kitufe cha kupiga simu. Mi nikaingia moja kwa moja kwenye saiti iliyoko hewani, nikafungua faili la functions.php kwenye meneja wa mafaili wa hostingi (wale wanaoibeba saiti hewani), nikaandika nilichoandika, nikasevu. Kumbe nimesahau nukta-mkato moja mwisho wa mstari. Semikoloni, kitu kidogo kama sisimizi! Saiti nzima ikafunga, ikabaki sentensi moja tu kwamba kuna hitilafu kubwa. Na kabla sijarudi kusahihisha, umeme ukakatika, kompyuta yangu enzi hizo ni ya mezani na UPS sina, paaa, giza.

Nikabaki na simu. Jaribu wewe kutafuta semikoloni iliyopotea kwenye faili la mistari mia nne kwa kioo cha simu iliyopasuka. Nikiwa katikati ya hapo mama kapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna mgeni anatoka Dar ananiambia anwani niliyompa haina kitu, anauliza kama mi ni tapeli. Umeifanyaje gesti yangu?"

Nilichomjibu sikumbuki vizuri. Nakumbuka jioni nilipomsimulia shangazi yangu, ambaye ni fundi cherehani miaka yote, hakunipa hata pole. Kacheka mpaka kashika ukuta. "Yaani we unamshonea mtu nguo akiwa ameivaa? Sindano ikimchoma unasema umeme?"

Basi hiyo ndo maana ya kitu wanachoita mazingira ya ndani, au wengine wanasema loko. Unavua nguo, unaweka mezani, unashona, unapiga pasi, alafu ndo unamvalisha mteja.

Kiufundi hamna uchawi. Seva inayobeba saiti yako ni kompyuta kama zilivyo kompyuta, tofauti ni kwamba ndani yake kuna programu inayokaa macho kusubiri maombi na kuyajibu. Programu hiyo hata laptopu yako inaweza kuibeba. Ukishaiweka, unafungua brauza unaandika localhost, na laptopu inajiuliza yenyewe na kujijibu yenyewe, kwa anwani ya 127.0.0.1, hakuna kinachotoka nje hata baiti moja. Bando linabaki palepale. Mnakumbuka Mei 2024? Jumapili ya tarehe 12, zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha, na huku kusini tulikuwa hata hatujamaliza kusimuliana kimbunga Hidaya na barabara kukatika kule Somanga. Siku zile watu walikuwa wanazunguka na simu juu kama wanatafuta mwezi wa Ramadhani, na mi nimekaa ndani nabadilisha rangi za saiti ya mteja kama hakuna kilichotokea.

Kuhusu mashine. Usisubiri mashine ya bei mbaya. Mi natumia HP ya mtumba yenye RAM ya GB 4, alichoniongezea fundi ni SSD tu, ile diski ya kasi, na hapo ikawa kama mpya. Kama una hela ya kuchagua kimoja kati ya RAM na SSD, kwa kazi hii mi nasema SSD, na sibishani.

Sasa programu. Zipo nyingi, mi nitaongelea XAMPP kwasababu ndo ninayoijua ndani nje na ndo inayosamehe wanaoanza. Ni kifurushi kimoja kinachobeba Apache, ambayo ndo inajibu maombi, PHP ambayo ndo lugha WordPress imeandikwa nayo, na databesi, ambayo ndo ghala la maandishi na mipangilio yote ya saiti. Faili lake la Windows ni kama MB 150, la WordPress halifiki hata MB 30. Shusha mara moja ukiwa sehemu yenye waifai, weka kwenye flashi, gawa kwa wenzako. Hapa kwangu ukija na flashi unapewa bure, usije kutumia bando lako la wiki kwa kitu ambacho kipo droo ya pili kushoto.

Unapoinstoli, acha iende C:\xampp kama inavyopendekeza yenyewe. Usijifanye msafi ukaipeleka kwenye folda ya Program Files, Windows inalinda ile folda na utakuja kukatazwa kuandika mafaili yako mwenyewe. Ikimaliza fungua paneli yake, washa vitu viwili tu, Apache na MySQL, vingine achana navyo. Na usishangae, pale imeandikwa MySQL ila ndani yake tangu 2015 ni MariaDB, ni ndugu wa tumbo moja lakini ndugu wa tumbo moja nao wanagombana, nitarudi hapo.

Mara nyingi Apache itakataa kuwaka siku ya kwanza. Usiogope na usifomati mashine (nina mtu namjua alifomati). Karibu kila mara ni poti, yaani ule mlango wenye namba ambao programu inapokelea maombi. Apache inataka poti namba 80, na kama kuna programu nyingine imeshakaa hapo, kwa mfano ile huduma ya saiti ya Windows yenyewe inayoitwa IIS, mbili hazikai kiti kimoja. Kwenye paneli kuna kitufe cha Netstat, kinakuonyesha nani kakaa wapi. Ama unamzima huyo, ama unafungua httpd.conf, faili la mipangilio ya Apache, unatafuta palipoandikwa Listen 80 unaweka Listen 8080, na kuanzia hapo anwani yako inakuwa localhost:8080. MySQL nayo inataka 3306, ukiwa ulishawahi kuinstoli MySQL nyingine huko nyuma ukasahau, utapata ugomvi huohuo.

Ikiwaka, mafaili ya saiti yanakaa C:\xampp\htdocs. Unatengeneza folda, tuseme gesti, unamwaga WordPress ndani. Alafu unafungua localhost/phpmyadmin, ukurasa wa kusimamia databesi, unatengeneza databesi tupu, nayo iite gesti, kisha unafungua localhost/gesti na WordPress inakuuliza jina la databesi, mtumiaji na pasiwedi. Mtumiaji ni root, pasiwedi acha wazi, haina. Ndio, haina kabisa, kwahiyo hiyo XAMPP ni ya chumbani kwako na isije ikakupitia akilini kuifungulia dunia iione. Hapo umemaliza, una saiti. Hiyo sehemu ni nusu saa na video zake zipo kibao, sitaki kukaa hapo sana, maana kinachotesa watu kinakuja baada ya hapo.

Cha kwanza ni umeme.

Hizi laptopu zetu za mtumba betri zake ni za kuvalia suti tu, dakika kumi na imelala. Na databesi ni kitu kisichopenda kuuawa usingizini. Itakuja siku umeme umekatika, umerudi, umewasha XAMPP, Apache ya kijani, MySQL inawaka inazima, na mistari myekundu chini inasema imezimika ghafla. Siku hiyo utaingia mtandaoni na mtu atakwambia futa faili linaitwa ibdata1. USIFUTE. Mi nilifuta. Ndani ya hilo faili ndo kuna daftari la meza zako zote (yale majedwali ya ndani ya databesi), ukilifuta utaona majina ya meza yapo lakini ukibonyeza inakwambia meza haipo, ni kama makaburi yenye mabango.

Fanya hivi. Zima XAMPP. Nenda C:\xampp\mysql, utaona folda mbili, data na backup. Ile data ibadilishe jina iite data_zamani, usiiguse tena. Kopi folda ya backup, hiyo kopi iite data. Sasa rudi data_zamani, chukua folda za databesi zako wewe tu, kama gesti, pamoja na hilo faili la ibdata1, zipeleke kwenye data mpya, ikiuliza kama iandike juu kubali. Zile folda za mysql, performance_schema na phpmyadmin ziache hukohuko. Washa. Kwangu imenisaidia kila mara isipokuwa ile moja ya kufuta.

Lakini dawa si hiyo, dawa ni kutokufika hapo. Nina kifaili cha notipadi nimekisevu kwa jina bekapu.bat, ndani kina mstari mmoja:

C:\xampp\mysql\bin\mysqldump -u root gesti > D:\bekapu\gesti.sql

Nimekiwekea ratiba kwenye Windows kijiendeshe kila saa. Databesi nzima inamwagwa kwenye faili moja la maandishi ambalo hata laptopu ikifa unalichukua unaenda nalo kwingine. Ila kina ubaya wake, na huu niliugundua kwa machozi: kila kikijiendesha kinaandika juu ya lile la mwanzo, na MySQL ikiwa imekufa, kinaandika faili tupu juu ya lile zima. Nilikuwa na bekapu safi kabisa ya kilobaiti sifuri! Siku hizi kila mchana na kila jioni kabla ya kufunga duka nalikopi kwenye flashi na jina la tarehe, na flashi inakaa kwenye mkoba wangu.

Cha pili ni kwamba laptopu yako itakudanganya. Kwa upole kabisa, kama mtu anayekusifia mapishi huku anatema pembeni. Kitu kitafanya kazi kwako vizuri, ukikipeleka hewani kinakufa. Sababu kubwa ni kwamba wewe upo kwenye Windows, na seva nyingi za hostingi ni Linux. Windows haitofautishi herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya mafaili, Linux inatofautisha. Picha imetoka kwenye kamera inaitwa Chumba1.JPG, wewe kwenye ukurasa umeandika chumba1.jpg, kwako inaonekana, hewani ni kiboksi cheupe. Niliwahi kupandisha saiti nzima ya picha thelathini zikaonekana nne. Tangu hapo kila faili langu ni herufi ndogo, bila nafasi, kistari katikati, hata nikiwa nasevu picha za harusi ya mdogo wangu.

Pia angalia toleo la PHP. XAMPP ya sasa inakuja na PHP 8.2, na hostingi nyingine bado zimeweka 7.4 kwa chaguo-msingi, au kinyume chake. Ingia kwenye paneli ya hostingi kabla hujaanza kazi, uone ni ngapi, na kama unaweza kuibadilisha pale badilisha, kama huwezi tafuta XAMPP ya toleo hilo, zile za zamani bado zipo. Kazi yako ni kuifanya laptopu ifanane na seva, maana seva ndo anakokaa mteja.

Na hapa ndo wale ndugu wa tumbo moja wanapogombana. Ukichukua databesi kutoka hostingi yenye MySQL 8 ukataka kuiingiza kwenye XAMPP, itakataa na kulalamikia kitu kinaitwa utf8mb4_0900_ai_ci. Huo ni mtindo wa kupanga herufi ambao MySQL 8 inaujua na MariaDB ya kwenye XAMPP haiujui. Fungua lile faili la .sql kwenye VS Code, programu ya kuandikia kodi, tafuta hilo neno lote kila lilipo, weka utf8mb4_unicode_ci, sevu, ingiza tena. Dakika mbili. Mi ilinila siku tatu, nikadhani nimeuziwa faili bovu. Na kama faili ni kubwa na phpMyAdmin inaligomea, nenda kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, uongeze upload_max_filesize na post_max_size, zote mbili, alafu zima Apache uiwashe upya maana bila hivyo haisomi mabadiliko.

Kingine ni anwani. WordPress inaandika anwani yake kamili ndani ya databesi, kwahiyo ukiishusha ya hewani kwenye laptopu, ukibonyeza kitu chochote inakurudisha hewani. Unaweza hata kuhariri masaa mawili ukidhani upo loko kumbe upo kwa mteja, na hilo limeshatokea kwa mtu ambaye simtaji kwasababu ni mimi. Kwenye meza ya wp_options kuna siteurl na home, hizo zibadilishe kwa mkono. Ila zile anwani nyingine zilizojaa ndani ya kurasa na mipangilio ya themu (yale mafaili ya muonekano wa saiti) usizibadilishe kwa tafuta-na-weka ya kawaida kwenye faili la .sql. Nyingine zimehifadhiwa na idadi ya herufi zake, mfano s:22:"http://localhost/gesti", ukibadilisha maneno bila kubadilisha ile 22, hesabu haikubali na WordPress inatupa mpangilio wote. Wijeti zinapotea, menyu zinapotea, unaanza kujiuliza nani kakuroga. Tumia plagini (kiprogramu cha kuongezea kwenye WordPress) ya Better Search Replace, au amri ya search-replace ya WP-CLI, ambayo ni WordPress ya kuendesha kwa amri, hizo zinahesabu upya zenyewe.

Haya, sasa nikupe ile iliyoniuma kupita zote, hata kupita semikoloni.

Saiti hiyohiyo ya gesti, mwaka uliofuata. Nimeshakuwa mjanja, nimeshusha kila kitu loko, nimekaa ubarazani jioni najaribu ile plagini ya kuweka oda za vyumba. Nabonyeza hapa oda imekubaliwa, nabonyeza pale oda imefutwa, naangalia rangi zinavyobadilika, nafurahi. Laptopu ilikuwa imeungwa kwenye hotspoti ya simu yangu. Na ndani ya databesi niliyoikopi kulikuwa na oda za kweli, na barua pepe za kweli, na mipangilio ya kutuma barua pepe ya kweli. Watu watano walipata ujumbe kwamba chumba chao kimefutwa. Mmoja alikuwa ndani ya basi, ameshafika Nangurukuru.

Mama hakupiga simu safari hii. Alikuja. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akaomba maji, akanywa, ndo akaanza kuongea.

Kwahiyo ukishusha databesi ya mteja, kabla hujafungua hata ukurasa mmoja, nenda kwenye folda ya wp-content/plugins, ile plagini inayotuma barua pepe ibadilishe jina la folda yake, weka x mbele, WordPress haitaiwasha tena. Zima na data ya simu. Ukitaka kuona barua pepe zinavyoonekana, kuna kiprogramu kidogo kinaitwa Mailpit, unaielekeza saiti itume kwenye poti 1025 na barua zote zinanasa humo, unazisoma kwa brauza kwenye localhost:8025, hakuna inayotoka. Na bora zaidi futa kabisa majina na namba za wateja kwenye ile kopi ya loko, weka za uongo. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na laptopu ni kitu cha kuibiwa, utamwelezaje mtu kwanini namba yake ilikuwa kwenye begi lako?

Tuingie kwenye kitu kizuri kidogo. Wateja wetu wanaangalia saiti kwa simu, wengi kompyuta hawana kabisa, kwahiyo kujaribu kwenye laptopu peke yake ni kujidanganya. Na huhitaji bando kujaribu kwenye simu. Washa hotspoti ya simu huku data ikiwa imezimwa, simu nyingi zinakubali. Unga laptopu. Kwenye laptopu fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika ipconfig, utaona namba ya IPv4, mfano 192.168.43.57. Kwenye brauza ya simu andika http://192.168.43.57/gesti. Ikigoma kabisa, ni ukuta wa ulinzi wa Windows, ile siku ya kwanza ulipowasha Apache kuna kidirisha kilikuuliza uiruhusu na wewe ukakifunga bila kusoma, nenda ukairuhusu. Ikifunguka alafu ikakimbilia localhost na kufa, ni ule ugonjwa wa anwani, weka hii kwenye wp-config.php ya loko:

define('WP_HOME', 'http://' . $_SERVER['HTTP_HOST'] . '/gesti');
define('WP_SITEURL', 'http://' . $_SERVER['HTTP_HOST'] . '/gesti');

Picha za ndani ya kurasa huenda zisionekane maana zina anwani yao, si tatizo, unachotazama hapo ni mpangilio na vidole. Mi huwa nampa shangazi simu, namwambia tafuta bei ya chumba. Asipoipata bila kuniuliza, narudi mezani.

Wengine mnataka jina zuri badala ya localhost. Inawezekana, unafungua kama msimamizi faili la hosts lililopo C:\Windows\System32\drivers\etc, unaongeza 127.0.0.1 gesti.test, alafu unaielezea Apache kwenye httpd-vhosts.conf. Tumia .test, imetengwa rasmi kwa majaribio, haitakuja kuuzwa. Usitumie .dev, hiyo ni ya Google na Chrome inailazimisha iende kwa https, utahangaika bure. Au kama unaona uvivu weka Laragon badala ya XAMPP, hiyo inakutengenezea hayo majina yenyewe. Docker nayo ni nzuri sana, kila mtu anaisifia na wanasema kweli, inakupa seva inayofanana na ya hewani kabisa, ila kwa GB 4 zangu nilipoiwasha, laptopu ilipumua kama tingatinga na sikuweza hata kufungua brauza. Ukiwa na 16 nenda nayo.

Git jifunze, ile programu inayotunza kila hatua ya mabadiliko ya mafaili yako. Hata zile amri tatu nne tu, init, add, commit, log. Inafanya kazi bila intaneti kabisa, watu wengi hawajui hilo, wanadhani Git ni ile saiti ya kuhifadhia. Ingekuwepo siku ya semikoloni ningerudi nyuma kwa amri moja. Weka kwenye Git themu yako tu, wp-config.php yenye pasiwedi iandike kwenye .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git inaviruka. Na kwenye hiyo wp-config ya loko washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ziwe true, makosa yote yataandikwa kwenye wp-content/debug.log kwa jina la faili na namba ya mstari. Mstari wa 212, semikoloni haipo. Hivyo tu! Hewani izime, usiwaonyeshe wapita njia matumbo ya nyumba.

Siku ya kupandisha, mi napandisha usiku baada ya saa tano, bando la usiku na wageni wamelala. Kwanza nachukua bekapu ya kilichopo hewani, mafaili na databesi, ndo nianze. Mafaili nayafunga kwenye zip moja, kupandisha faili moja ni haraka kuliko elfu tatu, nayafungulia hukohuko kwenye hostingi. Na kama saiti inapokea oda, databesi yake usiipandishe juu ya ile ya hewani, utafuta oda zilizoingia wakati wewe unashona. Themu na plagini tu ndo zinapanda, mabadiliko ya kurasa unayarudia kwa mkono.

Kama ni saiti mpya kabisa na databesi inapanda nayo, kuna kitu kimoja kidogo. Ukiwa loko WordPress inakuuliza kama uizuie Google isiisome saiti, na wengi tunaweka tiki maana haijaisha. Hiyo tiki inakaa kwenye wp_options, inaitwa blog_public, ikiwa 0 maana yake umeifungia, na inapanda hewani na mizigo mingine. Mwalimu mmoja nilimtengenezea saiti ya masomo ya ziada, nzuri kweli, miezi miwili akawa ananiuliza mbona nikiandika jina langu Google hanioni, namwambia subiri mwalimu, Google wanachukua muda. Siku naingia kubadilisha namba ya simu ndo nikaiona ile 0. Nikaweka 1, nikasevu, na mpaka leo hajui, anadhani ni Google walikuwa wanachukua muda.

Flashi ipo droo ya pili. Ukija asubuhi kabla ya saa tatu foleni inakuwa haijaanza.